Kompyuta Iliyongoja Ruhusa ya Nairobi

Nilikuwa nasimamia kompyuta za hospitali moja ya misheni hapa Kisumu, na kuna asubuhi moja ambayo hata leo nikiikumbuka napandwa na hasira.

Chumba cha picha kilikuwa na kompyuta kubwa ya kusomea skani, tuliyoletewa na kampuni moja ya Nairobi. Ilikuwa maridadi, skrini mbili pana, ila mimi msimamizi wake sikuruhusiwa kuigusa. Kuongeza mtumiaji mpya, mpaka kampuni. Kuunganisha printa, mpaka kampuni. Nyingine ya aina hiyo, iliyotoka kwa kampuni ndogo isiyo na makuu, tuliiweka kwenye chumba cha mafunzo. Hawa walinikabidhi nywila zote siku walipoileta. Fundi wao alikaa nami mchana kutwa akinifundisha, kisha akaniachia namba yake mwenyewe.

Asubuhi hiyo mama mmoja alifika kutoka Katito, mumewe amelazwa nyuma ya pikapu. Mwanamume huyo alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa alilokuwa akiezeka. Skani ilipigwa vizuri. Daktari alipoketi kuisoma, skrini ikaandika kwamba leseni imesitishwa, tuwasiliane na kampuni. Leseni yetu ilikuwa hai. Mitambo yao ndiyo iliyokosea.

Nikapiga simu. Muziki. Nikakata, nikapiga tena. Muziki uleule. Mwishowe mwanamume mmoja wa kampuni akapokea.

"Madam, mkataba wenu ni wa daraja la dhahabu au la fedha?"

"Sijui! Kuna mtu hapa ameumia kichwa."

"Naona ni la fedha. Nimewafungulia tiketi ya msaada, fundi atawapigia kesho."

"Kesho? Nakwambia mtu anavuja damu kichwani!"

"Pole sana, madam. Kuna lingine ningekusaidia?"

Nilikata simu. Nikampigia yule fundi wa kampuni ndogo. Muda wa dhamana yao ulikuwa umekwisha kitambo, na nilijua, lakini hakuuliza.

"Niko sokoni," alisema. "Niambie unaona nini hapo."

Akanielekeza hatua kwa hatua, kelele za wauza samaki zikisikika nyuma yake, mpaka picha za yule mgonjwa zikatoka moja kwa moja kwenye mashine ya skani zikaingia kwenye kompyuta ya mafunzo. Daktari alizisoma akiwa amesimama katikati ya viti vya wanafunzi, kisha akaamuru mgonjwa apelekwe kupasuliwa mara moja.

Mkewe alinishika mkono kwenye korido. "Dada, hiyo kompyuta ilikuwa inangoja nini?"

"Ruhusa, mama."

"Ruhusa ya nani?"

Nikamwonyesha njia ya kwenda chumba cha upasuaji.

Mumewe alipona, ila mkono wake wa kulia haushiki nyundo tena. Nilimuuliza daktari kama ni kwa sababu ya kule kuchelewa. Akasema hawezi kujua. Jibu hilo linanichoma zaidi kuliko kama lingekuwa ndiyo.

Kamati ya hospitali ilipokaa kujadili mkataba mpya wa chumba cha picha, wakala wa kampuni ya Nairobi alikuja na kalenda za kugawa. Akasifu huduma yao ya usiku na mchana. Nikamkatiza.

"Bwana, pigia hiyo huduma sasa hivi. Weka spika."

Wengine wakacheka. Meneja wa hospitali akakunja uso. "Mama, tusilete utoto hapa."

"Piga," daktari akamwambia wakala.

Akapiga. Tukasikiliza muziki, wote, mpaka chai ikapoa vikombeni. Wakala akasema labda ni mtandao. Mwishowe alikata mwenyewe.

Chumba cha picha tulikiondoa mikononi mwao, tukawapa wale wa kampuni ndogo. Lakini meneja alikataa kuwaondoa hao wa Nairobi kwenye mapokezi na duka la dawa, walikokuwa na mkataba mwingine, eti mkataba hauvunjwi ovyo. Wakabaki. Nilimfuata hadi kwenye gari lake akijiandaa kurudi nyumbani kwake mtaa wa Milimani, nikamwambia kwamba siku moja mtu atakufa akingoja tiketi.

"Wewe una hasira nyingi," alisema, akapandisha kioo.

Ninazo. Na sijaona kwa nini nizipunguze.