Kivuli cha Bati

Nahashon, bawabu wa lango moja huko Al Rayyan, Uarabuni, hakuwa mtu wa kinyongo hadi siku aliposhirikishwa.

Mwezi wa Aprili Dkt. Eugene, Mkenya mwenzetu, alituita walinzi ishirini kwenye kikao cha wadau. Alikuwa akiunda modeli ya kompyuta ya kupima joto, ili kampuni iamue nani apumzishwe adhuhuri. Tulipewa kofia na biriani, tukatia sahihi karatasi tukidhani ni ya chakula. Kumbe tulikuwa tunaidhinisha modeli yake. Ripoti ya kwanza ikasema walinzi hufanya kazi kivulini, na wadau wamekubali. Mapumziko tukanyimwa.

Kivuli chenyewe ni kibanda cha bati ambacho eisii yake ya kupooza hewa iliharibika Mei. Julai, Arnold, tuliyelala naye chumba kimoja kwenye kambi ya wafanyakazi ya Industrial Area, huko huko ugenini, alianguka humo. Akarudishwa Kisii, figo zimeharibika. Nahashon ndiye aliyemfungia begi, na tangu siku hiyo alimchukia Eugene waziwazi. Sikumkanya. Nilimchukia pia.

Agosti, siku mbili kabla ya ripoti ya mwisho kupitishwa, Eugene alifika langoni saa saba mchana. Kibali chake hakikuwa na muhuri. Sheria inasema mgeni wa namna hiyo asubiri kibandani, na Nahashon, anayeipinda kila siku, siku hiyo aliishika kama msahafu. Simu ya kumuuliza mudiri, meneja wetu, aliipiga bila haraka yoyote.

Dakika ya ishirini Eugene aliomba atoke.

"Keti, daktari," Nahashon alimwambia. "Si hapa ni kivulini?"

Dakika ya arobaini alikuwa ametapikia viatu vyake. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Sitadanganya, nilifurahi.

Ndipo Nahashon akampa maji, kipimajoto na daftari la lango. Akamwambia aandike kwa mkono wake: dakika arobaini, nyuzi arobaini na saba, ndani ya kibanda. Kisha atie sahihi. Eugene aliandika huku kalamu ikimteleza.

"Hii sahihi ni ya nini?"

"Ya chakula, daktari."

Alhamisi, wadau tulipoitwa tena kwenye kikao cha kupitisha ripoti, Nahashon aliusoma ukurasa ule mbele ya wakubwa, Eugene akiwa ameinamisha kichwa. Neno "kivulini" likafutwa kwenye modeli, na walinzi sasa tunapumzika adhuhuri. Arnold yuko Kisii, anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki.