Jina la ubatizo kule Nyangezi

Nilipoanza kuwashwa kule chini, niliogopa zahanati za Bukavu, maana kila mutu ananijua. Nikapanda lori mpaka Nyangezi. Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, na langu lilikuwa halitumiki tena, basi nikajiandikisha Filomena, jina ambalo hakuna aliyelikumbuka. Nilijiona mwenye akili sana.

Munganga akaita, «Filomena.» Nikasahau kama ni mimi. Akaita tena.

Nyuma ya pazia akatokea maman mumoja, amebana pamba kwenye mukono, pale walipomutoa damu. Alikuwa mama yangu wa ubatizo, yule aliyenichagulia jina lenyewe.

«Filomena, si ni wewe? Ingia, mutoto. Wanauliza maneno kidogo, wanatoa damu, wanapitisha kijiti cha pamba kule chini, inaisha. Haiumi.»

Moyo ukatulia.

Akaninong'oneza, «Mimi nilijiandikisha Tereza.»