Fundi wa Namba Isiyoshuka

Fundi wa kompyuta wa kituo chetu cha maziwa Makambako hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mashine magotini, na vidole vyake vyembamba hugusa vitufe polepole kama anayepapasa mayai chini ya kuku mkali. Akiwa kazini huguna zaidi ya kusema. Jumatatu ile kompyuta ya kupokelea maziwa iliganda mara tatu, na jua liliwaka hata ng'ombe wangu kule Kichiwa, naapa, alianza kutoa mtindi. Foleni ilikuwa ndefu, maziwa yanakaribia kuchacha. "Dada, zima uwashe!" akafoka karani. "Nikizima, kaka, namfukuza mwizi kabla sijaona sura yake. Endeleeni kupima." Jicho lake halikubanduka kwenye namba moja, na kila mkulima alipopimwa, namba hiyo ilipanda. "Unaona, Bibi? Namba hii ni mafaili yaliyo wazi. Programu inafungua faili la kila mtu, haifungi hata moja. Yakijaa, inaganda."

Nikamwambia, "Basi ni ndugu wa mkwe wangu, yule hajafunga mlango tangu aolewe." Akacheka mpaka ndoo ikayumba, akafuta mstari mmoja wa programu, akaandika mwingine, akaiwasha programu upya. "Lete yako, Bibi." Nikamimina. Namba ikapanda, ikasita, ikashuka. "Imefunga!" akapiga kelele, akaruka kama ndama aliyefunguliwa kamba. Maziwa yangu yakapita yakiwa bado matamu, na foleni nzima ikapiga vigelegele. Miaka yangu yote sikuwahi kuona watu wakishangilia namba kupungua.