Shelfu za Mtu Mrefu

Nukta hakuanguka kwa uzembe. Hilo lieleweke kwanza, maana kila aliyekuja kumpa pole alitazama mkono uliofungwa plasta, akakitazama kigoda, kisha akasema, "Siku nyingine uwe mwangalifu." Hakuna hata mmoja aliyeinua macho kuzitazama shelfu zenyewe.

Zilikuwa mbili, za mbao nzito, zimepigwa juu kabisa kwenye ukuta wa jiko, mahali ambapo mumewe alifika bila hata kunyoosha mkono. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mrefu wa kuinama milangoni, na tangu wahamie nyumba ile hajawahi kuchemsha hata yai. Mpishi ni Nukta, ambaye majirani walimpa jina hilo kwa ufupi wake, naye akalipokea kwa kicheko. Akitaka chumvi, apande kigoda. Akitaka sukari, apande kigoda. Shelfu zilipigwa yeye akiwa hospitali kujifungua. Aliporudi na mtoto mkononi akakuta watu wanazisifu jinsi zilivyonyooka. Aliposema hafiki, akaambiwa atazoea. Akazoea kweli, mpaka siku kigoda kilipoteleza na kopo la unga likamfuata sakafuni.

Sasa plasta ilikuwa imetolewa, lakini vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vigumu. Nukta ni fundi cherehani, na daktari alikuwa amemwambia waziwazi: akiuangukia mkono ule tena, atabaki kushona kwa macho tu.

Akampigia simu seremala aje azishushe.

"Mama, hilo mpaka niongee na mzee," seremala akasema.

"Mzee ndiye anayepika?"

"Sasa mama, si ukuta wake?"

Nukta akakata simu. Ukuta wake! Suruali zote za seremala yule zimepita kwenye cherehani ya Nukta, zikapunguzwa kiuno, zikaongezwa kiuno, na hata siku moja hakuambiwa asubiri kwanza mkewe atoe ruhusa.

Alikuwa ameshatoa makopo na vikombe vyote kwenye shelfu wakati wifi yake, dada wa mumewe, alipoingia. Habari alishazipata kwa seremala, akaja kumsema.

"Wifi, mumeo anarudi leo hii. Huwezi kumsubiri?"

"Nimemsubiri tangu mwanangu yuko kwenye nepi, na sasa ananyoa ndevu."

Wifi akautazama ule mkono. Vidole vilikuwa vinajaribu kuishika bisibisi na bisibisi inaponyoka. Akavua viatu, akaipokea, na kwa kuwa naye alikuwa mrefu kama kaka zake, hakuhitaji kupanda juu ya chochote.

Skrubu nyingine zilitoka kwa adabu. Moja ilikuwa imeota kutu na kichwa chake kimelika, ikabidi wifi aing'ang'anie kwa koleo, na ilipokubali kutoka ilitoka na bonge zima la lipu. Wakaziteremsha mbao, wakang'oa vile vipande vya plastiki vilivyokuwa vikizikaza skrubu ndani ya matundu. Nukta akakoroga puti ya kuzibia matundu kwenye kopo. Wifi akafuta vumbi matunduni, akalowesha ukuta kidogo ili usiinyonye puti ikapasuka, akaijaza kwa kisu na kuisawazisha. Kazi ikapendeza. Walipoona imekauka, wakagawana msasa: wifi akasugua juu, Nukta akasugua chini, ili ukuta wote upakwe rangi mpya.

Hapo ndipo msasa wa Nukta ulipoanza kuteleza.

Akasugua tena. Rangi ikabanduka, na chini yake hapakuwa na lipu. Palikuwa na sabuni. Sabuni ya mche, imeshindiliwa ndani ya tundu na kupakwa rangi juu. Akapapasa pembeni, akakuta tundu la pili, kisha mengine, yamepangwa kwa mstari ulionyooka, umbali uleule wa vyuma vilivyozishikilia shelfu. Na mstari wenyewe ulikuwa sawa na bega lake.

Mumewe aliwakuta hivyo, wote wawili wameganda mbele ya ukuta, weupe kwa vumbi. Alifungua mdomo kuuliza nani kawaruhusu. Kisha akayaona matundu, akaufunga.

"Haya ni nini?" Nukta akauliza.

"Ya zamani hayo."

"Naona ni ya zamani. Nakuuliza ni nini."

Bwana akavua kofia. Akaishika mbele ya tumbo kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Nilizipiga hapo kwanza," akasema. "Nilichukua lile gauni lako la kijani, nikaliangika ukutani nijue bega lako linaishia wapi. Nikatoboa, nikazifunga. Kesho yake kaka akaja kuona nyumba. Akacheka sana. Akaniuliza kama nimejenga jiko au shule ya chekechea. Akasema mwanamume mzima hawezi kuinamia shelfu nyumbani kwake."

"Ndipo ukazipandisha."

"Niliona aibu."

"Kaka yako anaishi hapa?"

"Hapana."

"Siku nilipoanguka alikuja kunisaidia kufua?"

Wifi, aliyemjua kaka yao mkubwa na kicheko chake tangu utotoni, alisonya kwa sauti ya kusikika nje.

Nukta alidhani hasira yake ilikuwa imefika mwisho kwa yule seremala, kumbe ilikuwa haijaanza.

"Mama yangu alipokuwa ananiuliza juu ya hizi shelfu, nilikuwa nakutetea," akasema. "Nasema, mama, msamehe, mtu mrefu hajui taabu ya mfupi. Miaka yote hiyo. Nikianguka, nikalala na mkono unawaka, bado nasema hakujua. Kumbe ulijua! Ulinijua mpaka bega, ukanishindilia sabuni! Bora ungekuwa mjinga, baba watoto. Mjinga ningeishi naye."

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye vumbi, akajichafua uso wote. Hakuna aliyecheka.

Bwana aliiweka kofia chini. Akachukua msumari, akaanza kuichimbua sabuni, tundu moja baada ya jingine, mpaka matundu yote yakabaki wazi. Akaleta drili na skrubu mpya. Akapiga magoti, kwa kuwa kwa urefu wake asingeweza kufanya kazi pale akiwa amesimama, akaibeba mbao na kuiegemeza ukutani.

"Hapa?" akauliza, bila kugeuka.

"Usiniulize mimi," Nukta akasema. "Ulishapima."