Zebaki Ilivyoila Bastola ya Mama Robi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bastola, nilipewa udongo. Fundi Mkuu, mwenye karakana ya silaha za watu wenye vibali pale Tarime mjini, alinitazama mikono kabla ya uso, akanisogezea donge la udongo wa kichuguu uliokandwa ukalainika.

"Kamata kama unavyokamata mpini wa jembe," akasema. Nikakamata. "Haya, sasa kamata kama unavyomshika mkono mtoto wa mwenzio." Nikalegeza. Akalichukua lile donge, akalizungusha mbele ya dirisha na kunionyesha alama za vidole vyangu. "Bastola inakaa hapa. Ukikosea hapa, mengine yote ni kazi bure."

Nilikuwa nimetoka kwa mtengeneza baiskeli, na nilidhani nitaanza kupasua vyuma siku hiyo hiyo. Mimi ni mtu nisiyetulia, tangu zamani. Nikikaa nachezesha mguu, nikila nawaza kinachofuata. Fundi Mkuu, ambaye wazee wake walitoka pwani na ambaye hakuwahi kuinua sauti, aliniweka kwenye udongo mpaka nikautamani msasa kama mtu anavyotamani nyama. Leo nawashangaa vijana wanaokuja kuniuliza habari za kazi ile huku macho yao yako kwenye simu. Naanza kuwaeleza, wananikatiza wanataka kujua ipi ilikuwa kubwa kuliko zote.

Kubwa! Hapo ndipo ninapochemka. Bastola kubwa za kijeshi sikuzipenda hata siku moja. Zinapiga kiganja, mwenye nayo anafumba macho kabla hajavuta, risasi inakwenda inakojua yenyewe. Vile vidogo vya mfukoni navyo ni vya kujitia moyo tu, kidole cha mwisho hakina pa kukaa. Mapenzi yangu yalikuwa kwa bastola za katikati, zinazojaza kiganja bila kukishinda, zenye risasi nyembamba za ishirini na mbili au thelathini na mbili, kama tulivyoziita kwa upana wa mtutu. Hizo zinasikiliza. Ukilenga kopo linadondoka kopo, na mkono unabaki ulipokuwa.

Enzi zile za dhahabu karakana haikukaukiwa wateja. Kule Kewanja na vijiji vya jirani watu walikuwa wanachimba usiku na mchana, na kila mnunuzi wa dhahabu aliyepata kibali alitaka kuwa na kitu kiunoni. Kila mmoja alikuja na matakwa yake, nasi tukawa na majibu yetu. Chini ya magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mshikio, tuliongeza kipande cha pembe ya ng'ombe ili kidole cha mwisho kipate nyumba. Kwenye nundu ya kulengea, kule mbele juu ya mtutu, nilipachika tone la shaba nyekundu lililong'aa hata kwenye kivuli. Nyundo ya nyuma niliiviringa ili isinase koti. Mbao za mshikio nilichonga kwa mzeituni pori, mgumu, wenye mistari kama mawingu, nikafuata alama za vidole vya mwenyewe kwenye udongo. Hakuna mshikio uliofanana na mwingine.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Fundi Mkuu alilikataa. Mnunuzi mmoja wa upande wa Sirari alikuja na koti la ngozi kwenye jua la mchana, akaiweka bastola mezani.

"Fundi, hii triga iko ngumu sana. Unaeza fanya iwe laini? Nataka nikigusa tu, imelia."

"Na ukiinama kufunga kamba ya kiatu ikalia, utamshitaki nani?" Fundi Mkuu akamuuliza. "Kwangu triga inavutwa, haibembelezwi. Nenda nayo salama."

Yule bwana aliondoka amevimba. Mimi nilicheka mpaka nikaambiwa nitoke nje.

Mama Robi alikuja msimu wa mvua, kanga mabegani na viatu vya mpira vyenye tope la Kewanja. Alikuwa mjane. Mumewe alimwachia banda la kununulia dhahabu, na kwa mila zetu Wakurya ilitazamiwa arithiwe na shemeji yake, yeye pamoja na banda. Akakataa. Shemeji akaapa mbele za watu kwamba banda la ndugu yake halitakaa mikononi mwa mwanamke. Mama Robi akaomba kibali akakipata, wakati huo shemeji akiwa bado hajaingia kwenye kamati ya ulinzi ya kijiji. Bastola aliyokuja nayo ilikuwa ya thelathini na mbili, ya katikati, nyepesi ajabu, kwa sababu bodi yake, yaani kiunzi kinachobeba vyote, ilikuwa ya alumini badala ya chuma.

"Mura," akaniambia, kama Wakurya tunavyomwita kijana, "nitengenezee iwe ya kwangu. Mtu akiiona tu ajue ni ya nani."

Niliitengeneza. Sijui nisemeje bila kujisifu, kwa hiyo nitajisifu. Mshikio ulikuwa wa mzeituni mweusi katikati na wa njano pembeni, nikachora kuuzunguka nakshi ya shanga kama za mikanda ya bibi zetu. Tone la shaba likakaa mbele, pembe nyeupe chini. Fundi Mkuu aliigeuza mikononi, akaniambia, "Sasa umekuwa fundi." Kewanja nzima iliijua bastola ile. Mama Robi aliiweka mezani kando ya mizani yake, na shemeji akawa anapita barabara ya mbali.

Aliporudi kuisafishisha, Fundi Mkuu ndiye aliyeipokea. Akaifungua, akaita jina langu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Ndani ya bodi, pale ambapo rangi ngumu ya juu ilikuwa imechubuka kwa kuvaliwa, palikuwa pameota manyoya meupe. Manyoya, ndiyo. Nikayapangusa yakawa unga, na chini yake alumini ilikuwa imelika kama jibini, na ufa ukipita karibu na reli inayobeba slaidi, yaani lile pande la juu linalorudi nyuma kila risasi inapotoka.

"Mama, unashika zebaki kwa mikono?" Fundi Mkuu akauliza.

"Nitaishikaje, kwa miguu?" Kila mnunuzi alishika zebaki. Ndiyo iliyokusanya vumbi la dhahabu, wakaikamua kwenye kitambaa kwa viganja, kisha wakaichoma ikabaki dhahabu.

"Zebaki ukiiweka kwenye sufuria inakuwaje?"

Mama Robi akatazama bastola, akatazama viganja vyake. "Inaitoboa. Hata mtoto wa Kewanja anajua, hatuweki zebaki kwenye sufuria."

Basi bastola ile nayo ilikuwa sufuria, tena niliyoivalisha nakshi. Wanawake wote wa Kewanja walijua kuficha vyombo vyao vya alumini, na hakuna aliyewaza kwamba kile cha kiunoni ni ndugu yake. Siku zile tulikuta bodi tatu au nne zimelika hivyo hivyo, zote za wanunuzi.

"Ukiipiga hii," Fundi Mkuu akamwambia, "slaidi inaweza kung'oka ikakurudia usoni. Iache hapa. Uombe kibali cha nyingine."

Mama Robi akakaa kwenye benchi. Akatueleza taratibu, kama anawaeleza watoto. Namba ya kibali imechongwa kwenye bodi. Ukibadili bodi umebadili bastola. Kibali kipya kinaanzia kwenye kamati ya kijiji, na kwenye kamati sasa ameketi shemeji. Hatakipata. Na siku Kewanja itakapomwona mezani bila ile bastola, siku hiyo hiyo shemeji atakuja na watu wake.

"Basi itoe uhai," akasema. "Ndani toa unachotaka. Nje niachie ilivyo."

Fundi Mkuu akavua miwani. "Silaha isiyolia ni pambo, Mama. Utajilinda kwa pambo?"

"Baba, nani atajua? Wewe, mimi, na huyu mura."

Alinitazama mimi. Fundi Mkuu akatoka nje kutawadha, ingawa adhuhuri ilikuwa bado, na nikaelewa kwamba ameniachia. Nikaitoa pini ya kugongea risasi, nikaitia kwenye boksi la vyuma chakavu. Nikaziba ufa kwa gundi na kuupaka rangi. Nikaing'arisha shaba. Nilikuwa naua kitu changu na kumpa mwenyewe akaivae maiti yake.

Baada ya hapo sikutulia tena. Ofisa Ulinzi wa kampuni ya walinzi akaniazima kwa Fundi Mkuu nikatunze ghala la silaha zao huko huko Kewanja, nikaenda mbio, kwa sababu ningekuwa karibu na banda. Kazi yenyewe ilinichosha: bunduki ndefu zilizofanana, kufuta mafuta, kupaka mafuta. Ofisa Ulinzi alikuwa akisema, "Wewe fundi, mbona kila dakika uko mlangoni?" Nilikuwa nasikiliza upande wa barabara. Kila kelele sokoni nilidhani ni wao wamefika. Nikipita bandani nilimwamkia Mama Robi, naye akijibu bila kuinua macho kwenye mizani, na ile bastola ilikuwa inang'aa pale pale. Wachimbaji walipunguza sauti walipoikaribia. Nilijivuna, kisha nikarudi ghalani kusikiliza barabara.

Kisha nikapelekwa Ikoma, kutunza silaha za kituo cha askari wa wanyamapori karibu na lango la hifadhi. Mkuu wa Kituo alikuwa mtu wa bunduki za tembo, aliniona nimeshika bastola ya ishirini na mbili akasema, "Hiyo unamwindia nani, panzi?" Tulibishana mambo hayo mwaka mzima, na nilimpenda. Lakini kila gari lililotoka Tarime nilikuwa wa kwanza kulikimbilia kuuliza habari za Kewanja.

Dereva mmoja wa lori ndiye aliyeniletea habari. Shemeji alikuwa amekuja na wanaume wenye mapanga, mchana, watu wamejaa. Akamwambia Mama Robi atoke bandani. Mama Robi akaishika bastola kwa mkono wa kulia, akaielekeza mezani, na kwa mkono wa kushoto akaendelea kumpimia mchimbaji dhahabu yake. Shemeji akasimama, akasimama, akageuka. Wenzake walikuwa wamekwishaondoka.

Nililia kwa furaha mbele ya dereva. Miaka iliyofuata nikaisimulia hadithi ile kila nilipokaa na watu, bila kutaja jina wala kijiji, na kila mara nilimalizia kwamba kazi yangu bora maishani ilikuwa bastola isiyoweza kulia. Watu walicheka, wakaninunulia soda.

Sasa nimestaafu, nakaa Morotonga, nafuga kuku, na bado siwezi kukaa kitako. Mwaka jana Mama Robi alikuja kunitembelea. Shemeji amefariki, banda ameshauza, bastola ameirudisha polisi. Amezeeka, lakini kishindo chake ni kile kile. Nikamwambia shikamoo, nikamkalisha, na kabla chai haijamiminwa nikaanza kumwambia jinsi ninavyoisimulia siku ile, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na ile kazi yangu bora.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mura," akasema, "siku ile nilijikojolea. Nilikaa juu ya mkojo wangu nikipima dhahabu mpaka mteja wa mwisho alipoondoka, ndipo nikainuka. Na kesho yake nilifungua banda. Na kesho kutwa. Miaka yote ile sikuwahi kufungua mlango bila kuogopa, kwa sababu nilijua nilichobeba."

Mke wangu alikuwa amesimama na birika. Nikayaacha maneno yangu yote ya nakshi, ya shaba, ya mzeituni.

"Hukuniambia," nikasema.

"Ulikuwa unaitazama bastola," akajibu. "Kila ulipopita bandani. Mimi hukunitazama hata siku moja."

Akanyoosha kikombe, mke wangu akammiminia chai.