Hedifoni za Jioni

Mazoezi ya jioni yana raha yake, maana jua limepoa na viungo vimeshalegea. Ubaya wake, hapa Ngamiani saa hiyo wazee wote wako barazani, na shikamoo moja haiishi mpaka uulizwe hali ya kila mtu nyumbani. Wiki nzima nilisalimia kuliko kukimbia. Nikaona nivae hedifoni, nijifanye sisikii.

Jana baba mkwe aliniita mara tatu. Mie natikisa kichwa, eti muziki umenikolea. Akainuka, akanishika bega.

“Shikamoo baba. Samahani, muziki ulikuwa juu.”

“Marahaba, mwanangu,” akasema taratibu. “Mkeo kanipigia sasa hivi kwa simu yako. Anasema umeisahau kitandani.”