Panya wa Gunzi

Enzi zetu, mtu angekwambia kuna duka linalouza vitu vya kuchezea paka, ungemshika paji la uso uone kama ana homa. Paka wa nyumbani kwetu, kule ufukweni karibu na Liuli, alichezea kilichokuwepo, na kilichokuwepo kilikuwa gunzi la mahindi. Leo niko sebuleni kwangu Mbinga mjini, nakaa, nasimama, nakaa tena, na chini ya meza kuna panya wa plastiki ambaye binti yangu Skola alimnunua Songea. Ukimbonyeza anawaka macho mekundu na kuzunguka kama mlevi. Paka wangu, Kijivu, alimnusa siku ya kwanza, akamwacha anazunguka peke yake, akaenda kuchana kochi.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Makochi yale alininunulia Skola mwenyewe nilipostaafu. Jumatatu alipita kunijulia hali, akaona nyuzi zimening'inia kila mahali.

"Baba, Jumapili nakuja na boksi," akasema. "Kuna rafiki yangu ana mashine ya kusaga, panya wamemsumbua. Huko paka atapata kazi. Hapa hana kazi."

Tangu siku hiyo situlii. Nafagia uwanja ambao nimeshaufagia, nafungua jokofu halafu nasahau nilitaka nini. Kijivu naye ananifuata mlango hadi mlango akinitazama. Hana kazi, ni kweli, lakini katika nyumba hii hayuko peke yake.

Marehemu mama alikuwa na neno lake kwa mtoto asiyetulia, na katika nyumba yetu huyo alikuwa mimi. "Kama mikono inakuwasha, kachukue gunzi!" Na kweli gunzi lilitosha kwa kila kitu. Tuliwashia moto, tulizibia chupa ya mafuta ya taa, tulisugulia miguu kabla ya kwenda kanisani, na wasichana walilivisha kitambaa wakalibeba mgongoni likawa mtoto. Lilikuwa na kazi nyingine pia, huko nyuma ya nyumba, ambayo wa rika langu wanaikumbuka na vijana wa tishu laini hawana haja ya kuijua.

Mwaka mmoja, mjomba wetu, kaka yake mama, aliteremka kutoka Kingerikiti na maharage ya kubadilishana na usipa, wale dagaa wa ziwa letu la Nyasa. Ndani ya kikapu chake, juu ya maharage, alikuwemo mtoto wa paka. Mama yake alikufa kabla hajamwonyesha chochote. Sisi tukampa jina la Mgeni. Mama alimtazama, akatutazama mimi na dada yangu Anna, akasema, "Huyu hana wa kumfundisha panya. Mtamfundisha ninyi. Mahindi yakiingia kihengeni panya wakayala, mjomba wenu akirudi anaondoka naye."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kwetu. Mtoto wa paka asiye na mama alifunzwa na watoto wa nyumba, na mama hakuwa mtu wa kusema jambo halafu akalisahau. Tukaingia kazini siku ile ile.

Anna ndiye alikuwa fundi. Alichagua gunzi kavu, akalivunja likabaki urefu wa panya mchanga, akalikwangua kwa kisu hadi likawa laini. Masikio aliyakata kwenye ganda la hindi. Mkia ulikuwa uzi wa wavu mkuukuu wa baba, nao aliufunga kwa lile fundo la kushonea nyavu, fundo ambalo kadiri unavyolivuta ndivyo linavyokaza. Mgongoni alichomeka unyoya wa kuku utikisike. Siku nyingine tulikuwa na mpira wa soksi uliojazwa sufi, au kizibo cha soda tulichokiponda kwa jiwe na kukitoboa kikapitishiwa uzi, ukikivuta kinavuma. Lakini mwalimu mkuu alikuwa gunzi.

Kazi yangu mimi ilikuwa kukimbia. Nikisharudi kuteka maji, nalivuta lile gunzi kuzunguka jiko, nyuma ya masufuria, chini ya kitanda cha kamba, Mgeni nyuma yangu. Anna alisimama mlangoni kama kocha.

"Punguza! Panya gani anakimbia kama mwizi wa kuku? Simama kidogo, jifiche, toka! Mwache akamate mara moja moja, asije akakata tamaa!"

Mwanzoni Mgeni alifanya vizuri. Kisha akachoka na gunzi. Alikuwa anakimbia hatua chache, anakaa chini, anajilamba mguu huku akituangalia sisi tunavyohangaika. Na mahindi yalikuwa yameshavunwa, yameanikwa uani, yanakauka mbele ya macho yetu. Nilikuwa nayashika kila asubuhi nikiomba yawe bado mabichi. Hata mvua niliiomba, mtoto wa mkulima mimi.

Mama ndiye aliyetuonea huruma. Alikata kipande cha wavu wa usipa, akatia vichwa vya usipa vilivyobaki jikoni, akavifungia kwenye gunzi. "Sasa vuta," akasema. Nikavuta. Loo! Mgeni aliruka kutoka juu ya kinu, akalidaka gunzi hewani, akabiringika nalo hadi miguuni kwa baba. Baba akaweka chini kikombe cha chai, akapiga makofi. Kwa siku kadhaa ikawa ndiyo burudani ya nyumba. Majirani walikuja kumwona paka hodari, na sisi tukatembea vifua mbele.

Hakuna hata mtu mmoja katika nyumba ile, si baba, si mama, wala fundi Anna, aliyewaza kwamba tulikuwa tunamfundisha yule paka kuwinda usipa.

Na tulikuwa tunaishi wapi? Ufukweni! Usipa walianikwa kwenye vichanja kuanzia mlangoni kwetu hadi kwenye mitumbwi. Mahindi yakaingia kihengeni, na Mgeni akaingia kazini. Alinyata kwa tumbo kuelekea kichanja cha jirani yetu Mama Betina, akatikisa makalio kama tulivyomzoesha, akaruka, akaangusha nusu ya kichanja. Mama Betina alikuja kwetu amemshika ukosi. "Mwindaji wenu huyu hapa," akasema. "Ameshawinda kitoweo changu chote." Mama alicheka hadi akakaa chini. Lakini alipokwenda kufunua kihenge, kicheko kilikatika. Panya walikuwa wamejikaribisha. Anna alikuwa akiapa kwamba alimwona mmoja akipita juu ya mkia wa Mgeni, na Mgeni akavuta mkia kumpisha.

Mjomba alirudi kabla hatujapata njia ya kumfuta Mgeni somo lile. Kikapu kikawekwa uani. Hatukuhitaji hata kumkamata. Mgeni alikisogelea mwenyewe, akakinusa, akaingia, akachungulia kwa juu akitusubiri, kwa sababu alidhani tunacheza. Anna alifunga gunzi jipya, lisilo na usipa, kwenye mkono wa kikapu.

"Mjomba, huko kwenu usipa hawaanikwi. Mvutie hili, atajua kazi ni ipi."

"Nitamvutia," mjomba akasema.

Nilimtazama mama, nikamtazama baba. Nilikuwa nangoja mtu mzima mmoja tu aseme "subiri kidogo." Hakusema mtu. Kikapu kikaanza kupanda njia ya mlimani, gunzi linayumba pembeni, hadi kwenye kona. Jioni ile nilizunguka nyumba nikivuta gunzi ambalo halikufuatwa na chochote, na mama, aliyekuwa akinigombeza kila siku kwa kutotulia, aliniacha nizunguke. Baadaye mjomba alileta habari kwamba Mgeni amekuwa kiboko ya panya Kingerikiti nzima. Watu wazima walifurahi sana. Mimi sikufurahi hata kidogo.

Ndiyo maana Jumamosi hii niliamka na shauri moja. Nikaingia jikoni kutafuta gunzi. Halikuwepo. Nilisimama katikati ya jiko langu lenye vigae nikajiona mjinga: nyumba ya mtu wa Nyasa, haina hata gunzi moja! Unga wangu unatoka dukani. Jirani yangu mahindi yake yanapukuchuliwa kwa mashine huko huko shambani, kisha anayafungia kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa, panya hana pa kuanzia. Mwishowe nikamfuata dada anayechoma mahindi karibu na stendi.

"Naomba magunzi," nikamwambia.

"Mahindi huyataki, mzee?"

"Nayataka yaliyokwisha kuliwa."

Alicheka hadi akafuta machozi kwa kanga, akanipa mfuko mzima. Nyuzi nilizichomoa kwenye kiroba, unyoya nikaokota uani kwa jirani. Vichwa vya usipa sikutia, nimeshajifunza. Ila fundo la mkia lilinikatalia, ikabidi nimpigie Anna simu. Yeye hakuhama, bado yuko Liuli.

"Unazungusha mara mbili ndipo unapitisha," akasema. "Wewe siku zote haraka. Paka wa nani?"

"Wangu. Wanataka kumwondoa kesho."

"Basi kaza sana," akasema.

Nikavuta. Mzee mzima, magoti yanalia, nazunguka makochi, Kijivu nyuma yangu, mara chini ya meza, mara juu ya zulia. Hakugusa kochi siku ile. Alilala juu ya ndara yangu, ulimi nje kidogo. Mimi nilibaki nimekaa namwangalia, naogopa Jumapili.

Skola alikuja baada ya ibada, na boksi la mafuta ya kula mkononi. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Akaliweka chini. Kabla sijafungua mdomo, Kijivu akalisogelea, akalinusa, akaingia mwenyewe, akachungulia kwa juu.

"Skola, subiri," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Alikuwa ameshainama kufunga boksi. Mkono mmoja wa kijivu ukatoka kwenye tundu la ubavuni, ukampiga kwenye kidole. Akakiondoa kidole, akakirudisha. Mkono ukatoka tena. Skola akacheka kicheko cha bibi yake, akakaa sakafuni na gauni lake la kanisani.

"Baba, hebu nipe hilo gunzi."

Chai niliyomwandalia ilipoa. Alipoondoka alichukua kitu kimoja tu, betri za panya wa plastiki, akasema zitamfaa kwenye rimoti yake.

Vijana wa leo nawasema sana, na nitaendelea kuwasema. Hawajui kufunga fundo wala kupukuchua hindi. Lakini enzi zetu mahindi yalikuwa machache na panya wengi, kila kiumbe kilikula kwa jasho lake, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwambia mwenye kikapu asubiri. Siku hizi paka anakaa tu, bila sababu yoyote. Boksi bado liko sebuleni, yeye ndani yake.

Jioni Anna akapiga simu.

"Ameondoka?"

"Hajaondoka."

Nilisikia anapumua, na nyuma yake ziwa.

"Basi mvutie mara moja na kwa niaba yangu," akasema. "Polepole, usimkimbize. Mwache akamate."